Umeneja wa bidhaa za programu: cheti, darasa au dhamana?

Katika matangazo ya kazi yanayowafikia vijana wa Kampala, jina la "meneja wa bidhaa" limeenea kuliko maana yake. Benki hulitumia kwa mtu anayesimamia akaunti za akiba au mikopo ya mishahara. Kampuni ya simu hulitumia kwa anayepanga bando na bei zake. Kampuni changa ya teknolojia humwita hivyo mtu anayeamua wasanidi programu wajenge nini na waache nini. Shirika linalotegemea wafadhili nalo humpa jina hilo mfanyakazi ambaye jukumu lake kubwa ni kuhakikisha mfumo umekabidhiwa kabla ya tarehe ya mwisho. Kijana aliyesomea teknolojia ya habari anayasoma matangazo yote manne, kisha anauliza swali la haki kabisa: nisome nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee Kansanga. Katika mtaa huu wa Divisheni ya Makindye, kando ya Barabara ya Ggaba, ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, KIU, kilichoanzishwa mwaka 2001. Hosteli zimejaa pande zote za chuo, na ndani yake wanaishi Waganda pamoja na wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Sudan Kusini, Somalia na Nigeria. Watu wanaojua kuandika programu hawakosekani hapa. Anayekosekana ni mtu wa kueleza kwa ushahidi kwa nini programu fulani ijengwe, inamfaa nani, na itajilipia vipi baada ya miezi sita.

Majibu anayopewa kijana yanapingana. Wapo wanaomwambia arudi chuoni, wapo wanaomwelekeza kwenye kozi ya mtandaoni na cheti, na wapo wanaosema kazi hii haifundishiki ila kwa kuifanya. Kila upande una hoja. Ili kuzipima, inabidi kwanza tujue mkanganyiko wenyewe umetoka wapi.

Jina moja, kazi nne

Kazi ya kusimamia bidhaa ilikuwapo kabla ya kompyuta kuingia ofisini. Mwaka 1931, Neil McElroy wa kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani aliandika waraka akipendekeza kila chapa iwe na mtu wake wa kuifuatilia: mauzo yake, matangazo yake, maduka inakodorora na sababu za kudorora huko. McElroy alikuwa akishughulika na sabuni. Utaratibu huo ulisambaa katika viwanda, kisha mabenki na kampuni za simu, na ndio chimbuko la mameneja wa bidhaa wa benki za Kampala. Meneja wa aina hiyo hupokea bidhaa ambayo kwa sehemu kubwa imeshajulikana, naye huitafutia wateja na faida.

Ukoo wa pili ulizaliwa kwenye programu. Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, Utah, na kutoa Ilani ya Agile, wakipinga mtindo wa kupanga kila kitu mwanzoni na kukabidhi kila kitu mwishoni. Mojawapo ya mbinu zilizopata nguvu baada ya hapo, Scrum, ina nafasi inayoitwa mmiliki wa bidhaa: mtu anayepanga orodha ya kazi zinazosubiri na kuamua ipi itangulie. Kampuni nyingi zilichukua nafasi hiyo moja ya ndani ya timu na kuigeuza cheo kamili. Matokeo yake ni wahitimu wanaojua kupanga orodha vizuri, huku hawajawahi kuulizwa kama kitu kilichomo kwenye orodha kina mtu anayekihitaji.

Chanzo cha tatu ni cha kwetu, na nadhani ndicho kilichovuruga mambo zaidi. Sehemu kubwa ya mifumo iliyojengwa Kampala, hasa ya afya, kilimo na elimu, imelipiwa na wafadhili kupitia miradi yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mradi hupimwa kwa kilichokabidhiwa: mfumo umejengwa, mafunzo yametolewa, ripoti imeandikwa. Bidhaa hupimwa kwa kinachoendelea kutumika baada ya fedha za mwanzo kwisha. Ni vipimo viwili tofauti, na huwajenga watu wawili tofauti.

Madhara yake yamewahi kuonekana hadharani. Kufikia mwaka 2012 Uganda ilikuwa na miradi mingi ya majaribio ya afya kwa njia ya simu, mingi ikirudia kazi ile ile katika wilaya tofauti bila kuunganishwa. Januari mwaka huo Wizara ya Afya, kupitia Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya wa wakati huo, Dkt. Jane Ruth Aceng, ilisimamisha miradi ya aina hiyo mpaka ipate idhini ya wizara. Waliojenga mifumo ile walikuwa na ujuzi wa kutosha wa kuandika programu, na fedha zilikuwapo. Pengo lilikuwa katika kuuliza nani ataiendesha, itaunganishwa na nini, na nani atailipia mfadhili akishaondoka. Hayo ndiyo maswali ya meneja wa bidhaa.

Misingi yenyewe ni ipi?

Mijadala mingi ya njia za kujifunza hukwama kwa sababu haisemi kinachojifunzwa. Tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na mazingira. Tuseme wanafunzi wanne wa Kansanga wanataka kujenga aplikesheni ya kutafuta vyumba vya hosteli.

Msingi wa kwanza ni kuelewa hitaji kabla ya kulijengea. Wanafunzi hao wanaamini tatizo ni kwamba wageni hawajui hosteli zilipo. Wakikaa na wasimamizi wa hosteli, na wakawasikiliza wanafunzi wapya wiki ya kufungua chuo, wanaweza kukuta jambo jingine kabisa: hosteli zinajulikana, ila chumba kimoja huahidiwa watu wawili, na anayetuma pesa ya kushikilia chumba akiwa Nairobi au Juba hana hakika kama atakikuta. Hapo bidhaa inabadilika. Ramani ya hosteli haina kazi kubwa tena. Kinachotakiwa ni uhakika wa malipo.

Mfano mkubwa wa somo hili Afrika Mashariki umeandikwa na waliouishi. Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walianza kujaribu huduma nchini Kenya pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Katika majaribio hayo, yaliyohusisha wateja wasiofika 500 katika maeneo ya Nairobi na Thika, watu walianza kutumia huduma kwa mambo yao wenyewe: kumtumia ndugu pesa, kuweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili zisiibwe njiani. Timu ingeweza kuwafundisha watu "matumizi sahihi". Badala yake waliacha mikopo, wakapunguza huduma hadi mambo machache, yaani kuweka na kutoa pesa, kutuma, na kununua muda wa maongezi, wakaizindua Machi 2007 kwa jina la M-Pesa. Miaka miwili baadaye, Machi 2009, MTN ilizindua huduma yake ya pesa kwa simu Uganda. Uamuzi uliotengeneza soko zima la malipo la ukanda huu ulikuwa uamuzi wa kuondoa kitu, na ulitokana na kuwatazama watu mia kadhaa kwa makini.

Msingi wa pili ni kuandika hitaji kwa namna ambayo msanidi programu hatalazimika kubahatisha. "Mwanafunzi aweze kulipia chumba" ni matamanio tu. Chumba kinashikiliwa kwa saa ngapi baada ya malipo? Ikiwa pesa imekatwa lakini ujumbe wa kuthibitisha umechelewa, chumba ni cha nani? Mwanafunzi akikosa viza ya masomo, nani anarudisha fedha, na kwa gharama ya nani? Kila swali lisilojibiwa kwenye karatasi litajibiwa na msanidi programu usiku, kwa kukisia.

Wa tatu ni kuchagua na kukubali hasara ya ulichoacha. Msimamizi wa hosteli mwenye simu ndogo ya vitufe hataingia kwenye aplikesheni, ingawa anajua kubonyeza nyota 165 reli, namba ya pesa kwa simu ya MTN, akiwa amefumba macho. Kuwa na namba fupi yao wenyewe kunahitaji makubaliano na kampuni za simu na taratibu za Tume ya Mawasiliano ya Uganda, mambo yanayokula muda na fedha. Kwa mwanzo huenda jawabu likawa ujumbe mfupi wa kawaida na kijana mmoja wa kupiga simu. Hilo halipendezi kwenye maonyesho ya ubunifu, lakini linaonyesha kama watu wataitumia huduma. Zipo mbinu za kugawa mahitaji katika mafungu au kuyapa alama, nazo husaidia timu ibishane kwa utaratibu. Alama zenyewe bado hutolewa na watu, na mtu asiyewajua watumiaji hutoa alama za uongo kwa uaminifu kabisa.

Kuchagua huku kuna upande wa haki. Kansanga na Kabalagala wanaishi Waeritrea na Waethiopia wengi, na Makindye kwa jumla ina Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Fomu ikidai namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu na herufi 14, mkimbizi mwenye kadi ya Ofisi ya Waziri Mkuu amefungiwa nje tangu ukurasa wa kwanza, na mwanafunzi Mkenya pia. Aliyeandika sehemu hiyo ya fomu hakukusudia kumtenga mtu. Hakuuliza tu nani anakaa mtaani. Na kila taarifa inayokusanywa bila sababu ni mzigo wa kisheria tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Wa nne ni hesabu ya fedha na vipimo. Chumba kikilipiwa shilingi 800,000 kwa muhula, na mwenye hosteli akaitoa pesa hiyo kwa wakala, kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa fedha peke yake ni shilingi 4,000, kabla ya ada ya kampuni ya simu na kamisheni ya hao vijana wanne. Akipokea taslimu mkononi hakatwi kitu. Bidhaa inabidi impe jambo lenye thamani kuliko makato hayo, la sivyo atawaambia wanafunzi wamletee noti. Kisha kuna kipimo: chumba hutafutwa mwanzoni mwa muhula. Timu inayohesabu watumiaji wa kila siku, kwa kuwa kozi imesema hicho ndicho kipimo, itaamini bidhaa imekufa katikati ya muhula ilhali imelala tu.

Wa tano ni kushawishi bila mamlaka. Meneja wa bidhaa haajiri wasanidi programu wala hawafukuzi. Ana ushahidi wake na uwezo wa kuueleza, basi.

Hoja ya darasa la chuo

Wanaotetea chuo kikuu wana jambo la maana. Misingi niliyotaja inagusa takwimu, uchumi, hifadhidata, uhasibu, saikolojia ya watu na uandishi. Hakuna kozi ya wiki sita inayoweza kumpa mtu hayo yote, na anayekosa takwimu atadanganywa na grafu zake mwenyewe. Chuo hutoa muda, na hutoa marafiki ambao baadaye huwa washirika wa kampuni. Kansanga ina faida ya ziada: darasa moja lina watu wa mataifa sita, yaani masoko sita.

Udhaifu uko kwenye mpangilio. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, kitivo cha kompyuta na cha biashara hukutana kwenye mahafali. Nchini Uganda mtaala hubadilika polepole kwa sababu lazima upite Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, utaratibu wenye sababu nzuri za kulinda ubora lakini usioweza kwenda na kasi ya soko. Shahada maalumu za fani hii bado ni chache hata duniani. Carnegie Mellon ilianza shahada yake ya uzamili ya usimamizi wa bidhaa mwaka 2018 huko Marekani, na kampasi yake ya Kigali, iliyopo tangu 2011, imejikita katika uhandisi na teknolojia ya habari.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi huchagua mada, huandika pendekezo, huchora michoro ya mfumo, huujenga, huutetea mbele ya jopo, na ripoti huwekwa kabatini. Alama hutolewa kwa uchambuzi na kwa mfumo kuwaka siku ya utetezi. Mtumiaji halisi haonekani popote katika hesabu ya alama. Mwanafunzi anahitimu akiwa amefunzwa kwa vitendo kwamba kazi huisha inapokabidhiwa, mafunzo yale yale yaliyozaa miradi ya majaribio iliyosimamishwa mwaka 2012. Nafasi nzuri kuliko zote ya kufundishia umeneja wa bidhaa ipo tayari ndani ya mtaala, na inatumika kufundisha kinyume chake.

Hoja ya kozi na cheti

Upande wa pili unasema: usingoje chuo. Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada kina mfululizo wa kozi za usimamizi wa bidhaa za programu kwenye Coursera, unaopita katika michakato ya Agile, mahitaji ya wateja, upangaji na vipimo, na kumalizika kwa mradi. Marty Cagan na Eric Ries wameandika vitabu ambavyo vimekuwa kama lugha ya pamoja ya fani. Akiwa na intaneti, mwanafunzi wa Kansanga anasikiliza somo lile lile analosikiliza mwenzake wa Toronto.

Faida ya kwanza ya kozi hizi ni msamiati. Bila msamiati mtu hawezi kupita usaili, na timu haielewani. Ya pili ni mpangilio: anayejifunza peke yake kwa kuokota video huku na huku hubaki na mashimo asiyoyajua. Ya tatu ni heshima kwa wasio na shahada ya kompyuta. Muuguzi au karani wa chama cha akiba na mikopo (Sacco) mwenye akili ya bidhaa anapata mlango wa kuingilia.

Gharama hata hivyo si ndogo kama inavyotangazwa. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12, juu ya kodi ya ongezeko la thamani, na masomo ya video hula data. Mtihani wa cheti cha mmiliki wa bidhaa wa Scrum.org ni dola 200, zaidi ya shilingi laki saba za Uganda, takriban sawa na kodi ya chumba cha muhula katika mfano wetu. Mtahiniwa anajibu maswali ya kuchagua. Mtihani unapima kama ameuelewa mwongozo wa Scrum, na unapima hivyo kwa haki; hauwezi kupima kama atajua msimamizi wa hosteli anamficha nini.

Kuna pia suala la mifano. Kozi nyingi huchukulia kwamba mtumiaji ana kadi ya benki, barua pepe anayoisoma kila siku, simu ya kisasa na intaneti isiyokatika. Kwa Kampala kila moja ya dhana hizo ni swali la utafiti. Mwaka 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Januari 2021 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na Facebook ikafungwa. Bidhaa iliyotegemea Facebook kupata wateja ilipoteza mlango wake kwa amri moja. Meneja wa hapa lazima aweke sheria, kodi na kukatika kwa huduma ndani ya mpango wake wa kawaida, na hilo halimo kwenye silabasi ya Alberta wala si kosa la Alberta.

Hoja ya kujifunzia kazini

Upande wa tatu unasema kazi ndiyo shule. Mfano unaopendwa Kampala ni SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda iliyoanza mwaka 2014. Mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa dereva wa boda. Huduma hiyo ilijengwa juu ya mafunzo ya usalama kwa madereva, kofia ya ziada kwa abiria na koti linalotambulika kwa mbali, kwa sababu abiria wa Kampala hakuwa na shida ya kuipata boda. Zimejaa kila kona. Shida yake ilikuwa ataiamini ipi. Maarifa ya namna hiyo mtu huyapata barabarani, na wahandisi huweza kuyajengea mfumo baadaye.

Watetezi wa upande huu wanaongeza kwamba mameneja wazuri mara nyingi hutoka dawati la huduma kwa wateja, kwa wapimaji wa programu na kwa wachambuzi wa biashara. Nakubaliana nao. Anayepokea simu za malalamiko tangu asubuhi ana utafiti ambao kampuni nyingi hulipa washauri waufanye.

Lakini njia hii ina mapungufu mawili ambayo watetezi wake huyapita haraka. La kwanza ni kwamba nafasi ni chache. Kampuni changa yenye watu wanane haihitaji meneja wa bidhaa. Mwanzilishi ndiye anayeifanya kazi hiyo, na mara nyingi hataki kuiachia. Kampuni kubwa inataka mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Kijana anakuta mlango wa kazi unadai uzoefu ambao hupatikana ndani ya mlango huo huo. La pili ni kwamba mafunzo ya kazini hukatwa mapema mambo yanapobana. Septemba 2019, Andela, ambayo kampasi yake ya Kampala ilikuwa imewafundisha na kuwaajiri vijana wasanidi programu, ilitangaza kupunguza karibu wafanyakazi 400 wa ngazi ya chini katika Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kwamba soko lilitaka wenye uzoefu zaidi. Ikiwa kampuni ambayo biashara yake ilianza kwa kufundisha vijana ilifikia hapo, haifai kutegemea kwamba kampuni ndogo za Kampala zitabeba elimu ya kizazi kizima.

Hatari nyingine haionekani kwa urahisi. Anayejifunzia kazini hurithi tabia za kazi hiyo. Akianzia kwenye shirika linaloishi kwa ripoti za wafadhili, atajifunza kuandika ripoti. Akianzia kwa bosi anayeamua kila kitu peke yake, atajifunza kupokea maagizo na kuyaita mpango wa bidhaa.

Je, lazima ujue kuandika programu?

Ubishi huu hupewa nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Google, ilipoanza mpango wake wa kulea mameneja vijana mwaka 2002 chini ya Marissa Mayer, ilipendelea wahitimu wa kompyuta, na wengi wakaiga. Kuna bidhaa ambazo hazisimamiki bila ufahamu wa kina, kama mifumo ya malipo, ambapo meneja lazima aelewe kinachotokea muamala ukikatikia katikati. Kwa nyingine, inatosha mtu ajue hifadhidata ni nini, mfumo mmoja huzungumzaje na mwingine, na kwa nini badiliko dogo kwa macho linaweza kuchukua wiki mbili. Mhitimu wa KIU wa teknolojia ya habari amekwisha kuvuka kiwango hicho. Anachohitaji kuhangaikia zaidi kiko upande wa pili: anajua kompyuta, hajui kuhoji mteja bila kumwekea maneno mdomoni.

Kuzipima njia

Ukiziweka pamoja, kila njia inatoa kitu ambacho nyingine hazina. Chuo kinatoa kina na muda. Kozi inatoa msamiati na mpangilio. Kazi inatoa watumiaji halisi na matokeo ya uamuzi. Kati ya vitu hivi, cha tatu ndicho kisicho na mbadala, kwa kuwa stadi kuu ya fani hii ni uamuzi, na uamuzi hukomaa pale tu mtu anapobeba matokeo yake. Mtu aliyewahi kuondoa kipengele kimoja, akaona robo ya watumiaji wake wanaondoka, ameelewa kupanga vipaumbele kwa namna ambayo mtihani hauwezi kumfikisha.

Kwa hiyo upungufu wa Kansanga ni upungufu wa dhamana. Masomo yapo, tena mengine ya bure. Nafasi za kubeba wajibu wa bidhaa ndogo yenye watumiaji wa kweli hazipo za kutosha. Wanaouza kozi hawana sababu ya kulisema hili, na vyuo havijalisikia vya kutosha.

Vyuo vinaweza kulirekebisha bila kungoja mtaala mpya. Mradi wa mwaka wa mwisho uanze muhula mmoja mapema, na sehemu kubwa ya alama itolewe kwa kinachotokea baada ya mfumo kuwaka: nani aliutumia, nani aliacha, kiliondolewa nini na kwa ushahidi gani. Mwanafunzi wa biashara na wa kompyuta wapewe mradi mmoja. Gharama ipo, na isifichwe: wasimamizi watahitaji muda zaidi, na miradi mingi itashindwa. Jopo litalazimika kumpa alama nzuri mwanafunzi aliyeshindwa akaeleza kwa nini, kumzidi aliyeonyesha mfumo unaong'aa usio na mtu. Hilo litapingwa na baadhi ya walimu, na litahitaji wakuu wa vitivo wenye msimamo.

Waajiri nao wanaweza kutoa sehemu ndogo ya bidhaa, tuseme ujumbe wa uthibitisho wa malipo peke yake, kwa kijana wa dawati la huduma, wakamwachia kwa miezi mitatu chini ya uangalizi. Hasara ikitokea itakuwa ndogo, na kampuni itakuwa imepata meneja bila kushindana kwa mishahara. Matangazo yao yaseme pia kazi ni ipi kati ya zile nne.

Kwa kijana asiye na chuo cha kumbadilishia utaratibu wala mwajiri wa kumwamini, mpangilio ninaouona kuwa sahihi ni huu. Tafuta huduma moja ndogo mtaani yenye watu unaoweza kuwafikia kwa miguu: hosteli, duka la dawa, Sacco ya madereva wa boda, kanisa au msikiti unaokusanya michango. Isimamie kwa ujumbe mfupi na daftari kabla hujaandika mstari mmoja wa programu. Soma kozi ya bure sambamba na kazi hiyo, kila sura uijaribu kwa watu wako, na pale kitabu kinapopishana nao andika kwa nini. Kaa nayo hadi uone mwanzo wa mihula miwili, au misimu miwili ya huduma uliyochagua, maana msimu mmoja haukuonyeshi nani anarudi. Ukienda kwenye usaili, peleka maandishi hayo: hitaji ulilodhani, ulilolikuta, ulichoacha na kilichotokea. Dola 200 za mtihani zilipe baada ya hapo, na tu ikiwa mwajiri unayemtaka anakidai cheti hicho.